Ni Nani Aliyepanda Mlima?

Sisi watu wa Masisi na Walikale hatukosi milima. Masisi ni kilima juu ya kilima: mtoto anazaliwa kwenye mteremko, anasoma kwenye mteremko, analima kwenye mteremko, na siku ya mwisho anazikwa kwenye mteremko. Walikale ni mwitu mkubwa, lakini huko pia njia inapanda na kushuka mpaka magoti yanalia. Na usiku, mtu akisimama Mushaki ao Sake akaangalia upande wa mashariki, mara nyingi ameona wekundu wa Nyiragongo ndani ya mawingu. Milima tunaijua. Hata hivyo, ukimuuliza mzee wa kwetu kama alishapanda mpaka kwenye ncha kabisa, atakuangalia kwa mshangao na kujibu: "Nitafute nini kule? Kuko shamba?"

Jibu la mzee si la ujinga. Kwake mlima ni mahali pa kuishi, pa kulima, pa kuchunga ng'ombe, na juu kabisa ni mahali pa kuheshimu. Wazee wengi wa nchi hii walisema kwamba mizimu inakaa kwenye volkano. Katika ibada ya Ryangombe, waliopokelewa walitumaini kwenda Karisimbi kwenye baridi na amani, na wengine waliogopa kutupwa ndani ya moto wa Nyiragongo. Kwa Wanyanga, mungu wa moto anaitwa Nyamurairi, jina lililo karibu sana na lile la volkano Nyamulagira. Mahali kama pale mtu haendi kutembea tu juu ya kupata hewa.

1. Swali lenyewe

Lakini sasa ni zaidi ya miaka mia moja wageni wanatoka mbali kuja kupanda milima hii: Nyiragongo (meta 3470), Mikeno (meta 4437), Karisimbi (meta 4507), na ule mkubwa kupita yote katika Kongo, Ruwenzori, ambao ncha yake ya Margherita inafika meta 5109. Wanatumia siku mbili, siku tano, siku sita. Wakirudi kwao wanasema: "Nilipanda." Wanaonyesha picha, wengine wanaandika kitabu. Na ni kweli, walifika. Lakini mbele yao kulikuwa mtu aliyeonyesha njia, na nyuma yao kulikuwa watu waliobeba chakula, hema, sufuria na makala.

Basi tuulize: kati ya hao wote, ni nani aliyepanda mlima?

Wengine watasema ni mchezo wa maneno. Mimi naona si mchezo. Swali hili linatufuata katika kazi nyingi za maisha. Ni nani aliyejenga nyumba: mwenye feza, ao fundi, ao wanawake waliopandisha maji na mchanga toka mtoni? Ni nani aliyesoma chuo kikuu: mtoto, ao mama aliyeuza maharagi miaka sita? Mlima unasaidia kwa sababu juu yake mambo yanaonekana wazi. Kule hakuna pa kuficha mzigo.

2. Vile safari inaendaka

Kwa msomaji ambaye hajaona safari hizo, nieleze kwa ufupi. Tuchukue Ruwenzori upande wa Kongo. Watu wanaanzia Mutwanga, teritware ya Beni, chini ya mlima. Siku ya kwanza wanapita mashamba, wanaingia mwituni, wanalala Kalonge. Siku ya pili wanapanda ndani ya mianzi na miti iliyofunikwa na majani mororo yanayonyonya maji kama sifongo, wanafika Mahangu. Siku ya tatu wanafika Kiondo, juu ya meta 4000, mahali ambapo mimea inayofanana na kabichi inakuwa mirefu kupita mtu. Baadaye ni mawe, barafu, na ncha. Kwenda na kurudi ni siku tano ao sita, kama mvua inakubali. Na Ruwenzori mvua haikubalike sana.

Nyiragongo ni fupi. Mtu anaanza Kibati, anapanda saa tano ao sita, analala kwenye ukingo wa shimo la moto, asubuhi anashuka. Katika miaka ambayo njia ilikuwa wazi kwa wageni, kama ile kati ya 2014 na 2018, mgeni alilipa dola 300 za ruhusa tu. Vita, na mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, vilikata safari hizo mara nyingi. Lakini popote, Ruwenzori, Nyiragongo, ao Kilimanjaro kule Tanzania, kazi inagawanywa namna moja.

Kiongozi wa njia, gide kama vijana wanavyosema, anatangulia. Hakimbie. Anaangalia midomo ya mgeni kama inabadilika rangi, anauliza kama kichwa kinauma, anasikiliza pumzi. Anajua jiwe linaloteleza na wingu lenye uongo. Wabebaji, wale tunaowaitaka maporteri, wanaondoka wa mwisho kwa sababu wanafunga kambi, lakini wanapaswa kufika wa kwanza ili moto uwe umewashwa mgeni akitokea. Tena mara nyingi kwenye milima mirefu hawapande mpaka juu kabisa. Wanabaki kwenye kambi ya mwisho, wanangoja. Pwani wanasema: "Aliye juu mngoje chini." Wabebaji wa mlima ndio wanaoishi methali hiyo bila kuchokoza mtu.

Kwa hiyo tunaona watu watatu. Mmoja ana nia. Mmoja ana ujuzi. Mmoja ana nguvu. Yule wa nia peke yake ndiye anayesema "nilipanda".

3. Mzigo katika historia yetu

Hapa mtu wa Kongo hawezi kuongea kama mtu wa nchi ingine. Neno "mzigo" kwetu lina kidonda. Wakati wa Serikali Huru ya Kongo (1885–1908), bidhaa na bunduki zilipita nchi nzima juu ya vichwa vya watu, na fimbo ilikuwa nyuma. Katika vita ya kwanza ya dunia, jeshi la Force Publique lilipokwenda mpaka kukamata Tabora mwezi wa Septemba 1916, watu wengi sana wa Kivu walichukuliwa kubeba risasi na chakula, na wengi hawakurudia vijiji vyao. Tena katika vita za siku zetu, ni nani katika Masisi na Walikale ambaye hana ndugu aliyesimamishwa njiani na watu wenye silaha na kuambiwa: "Wewe, beba hii"? Alibeba mpaka wapi? Wengine mpaka leo hatujui.

Kuna kisa kimoja ambacho kingepaswa kufundishwa katika masomo yetu yote, maana kilitokea kwenye mlima ambao mtu wa Goma anauona kila asubuhi iliyo safi. Katika miaka 1907 na 1908, mtawala mdogo wa Ujerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, aliongoza safari ya wanasayansi katika Afrika ya kati. Mmoja wao, Egon Kirschstein, alikuwa mchunguzi wa volkano. Mwezi wa Februari 1908, msafara wake ulikutwa na dhoruba ya theluji juu ya Karisimbi. Wabebaji walikuwa watu wa nchi ya joto, na nguo zao hazikuwa za baridi kama ile. Ishirini walikufa siku hiyo.

Watu 20. Jina la kiongozi wa safari tunalijua. Jina la mchunguzi tunalijua. Hata shimo la volkano karibu na pale lilipewa jina la profesa wa Berlin, Branca, ambaye hakuwa kwenye baridi hiyo. Lakini wale 20, hakuna mtoto wa shule anayeweza kutaja hata mmoja. Karisimbi, wazee wanasema, ni jina linalotoka kwa simbi, ile kauri nyeupe, kwa sababu ya theluji inayong'aa juu yake. Weupe huo ndio uliowafunika.

Sasa niulize tena: juu ya Karisimbi mwaka 1908, ni nani aliyepanda?

4. Jina ni jambo kubwa

Kwetu jina si karatasi tu. Mtu anapewa jina la babu ili babu asipotee. Kwa hiyo, tunapoona safari fulani imetunza majina ya wengine na kuacha ya wengine, tujue kwamba hapo kulikuwa uamuzi, hata kama hakuna aliyekaa chini kuuamua.

Angalia Ruwenzori. Tarehe 18 Juni 1906, mtawala wa Abruzzi, Luigi Amedeo wa Italia, alifika kwenye ncha ya juu kabisa, akaiita Margherita, jina la malkia wa kwao. Alikuwa na viongozi wake kutoka Courmayeur, milima ya Alpes: Joseph Petigax, César Ollier, Joseph Brocherel. Majina yao yameandikwa, na ni haki. Waliobeba mizigo kutoka chini mpaka kwenye kambi za juu, kati yao Wakonzo wenyeji wa mlima, wamebaki "wabebaji". Mtu wa Alpes anayesaidia kupanda ana jina. Mtu wa Ruwenzori anayesaidia kupanda ana kabila tu.

Angalia tena Kilimanjaro. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer mwenyewe aliandika juu ya Mwini Amani, mtu wa Pangani, ambaye alibaki peke yake kwenye kambi ya juu, ndani ya baridi, akilinda vitu na kupika wakati wazungu wawili wanatafuta njia ya barafu. Hapo Meyer alifanya vizuri. Lakini Marangu wanamkumbuka Mchaga Yohani Kinyala Lauwo kama kiongozi wa njia wa safari ile. Mwaka 1989, kwenye sikukuu ya miaka mia moja, alikuwa bado hai, akaheshimiwa. Alikufa mwaka 1996. Wako wanahistoria wanaobishana kama kweli alikuwa katika safari ya 1889 ao katika ingine iliyofuata. Sitaki kukata kesi hiyo. Naona tu kwamba ubishi wenyewe ni matunda ya kutoandika. Hakuna anayebishana kama Purtscheller alikuwako.

Na mpaka leo, mgeni akifika juu ya Kilimanjaro anapewa cheti kwenye mlango wa parke. Jina la mgeni liko katikati, kwa herufi kubwa. Kiongozi wa njia anatia sahihi chini, kama shahidi kwamba mwingine amefika. Mtu aliyefika pale mara mia mbili anashuhudia juu ya yule aliyefika mara moja! Na mbebaji haonekane kabisa kwenye karatasi hiyo.

5. "Lakini amelipwa"

Najua jibu ambalo vijana wetu waliosoma uchumi watatoa. Watasema: "Mzee, unaleta huruma mahali pa hesabu. Mbebaji hakulazimishwa. Alipatana bei, akabeba, akalipwa. Deni limekwisha. Tena yeye hakutaka kilele. Alitaka feza ya minerval ya watoto. Kila mtu amepata alichotaka. Shida iko wapi?"

Hoja hii ina nguvu, na tusiitupe. Ni kweli, tofauti kati ya kubeba kwa fimbo na kubeba kwa mapatano ni kubwa sana. Anayesema ni kitu kimoja anawatukana wale waliokufa chini ya fimbo. Kijana anayepata kazi ya kubeba mlimani kwa hiari anajenga nyumba, anaoa, analipia wadogo wake. Tusimwonee huruma ya uongo. Wengi wanapenda kazi yao na wanaifanya kwa majivuno.

Lakini malipo yanafunga nini? Tuangalie kwa utaratibu. Kwanza, malipo yanafunga deni la jasho na la siku, kama bei ni ya haki. Hapo neno "kama" ni zito. Wengi katika Walikale wanakumbuka njia ya Bisie, tangu mwaka 2002 hivi, wakati vijana walibeba magunia ya kasiterite ya kilo 50 kwa siku mbili ndani ya mwitu mpaka Ndjingala. Walilipwa, ndiyo. Lakini chakula kule ndani kilikuwa na bei ya kuua, na kwenye kila kizuizi kulikuwa mwenye bunduki anayeomba sehemu yake. Mapatano ya mtu mwenye njaa na mtu mwenye shibe yanaitwa mapatano, lakini mizani yake imeinama. Kule Kilimanjaro sheria ya parke imeweka kilo 20 kwa mbebaji, na mizigo inapimwa kwenye mlango. Mbona kupima? Kwa sababu watu walijua kwamba mapatano peke yake hayamlinde mtu. Methali ya pwani inasema: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Ukiwa kichwani mwa mwingine, mzigo hauna uzito.

Pili, malipo hayafungi deni la uhai. Tarehe 11 Mei 2018, karibu na Kibati, watu wenye silaha walishambulia gari lililobeba wageni wawili wa Uingereza. Mlinzi wa parke, Rachel Masika Baraka, binti wa miaka 25, aliuawa katika kazi ya kuwalinda. Wageni na shofere walichukuliwa, wakaachiliwa siku mbili nyuma. Parke ilifungwa kwa watalii mpaka Februari 2019. Mshahara wake ulikuwa mshahara wa kazi, lakini nani atasema ulikuwa bei ya maisha yake? Kitu kama hicho hakina bei. Kina kumbukumbu tu, na wajibu kwa waliobaki.

Tatu, na hili ndilo linanigusa zaidi, malipo hayanunui ukweli. Nikimlipa fundi, nyumba inakuwa yangu. Lakini sipati ruhusa ya kusema "niliijenga kwa mikono yangu". Mgeni amenunua msaada. Hakununua haki ya kuufuta msaada katika hadisi. Katika Kiswahili, kati ya ukweli na uongo hapo kuna silabi moja tu: "nilipanda" na "tulipanda".

Tuwe wa haki kwa mgeni pia. Hakuna anayeweza kumpumulia. Kule juu hewa ni nyembamba, kichwa kinapasuka, tumbo linakataa chakula, na kila hatua anaikanyaga kwa mguu wake. Woga wake ni wake, na ushindi juu ya woga ni wake. Bila nia yake hakuna safari: kiongozi angekuwa anachunga, mbebaji angekuwa anachimba viazi. Basi ukiniuliza sasa jibu langu, nasema: wote walipanda, lakini si kwa namna moja. Ondoa mgeni, safari haianzi. Ondoa kiongozi, safari inapotea. Ondoa wabebaji, safari inarudi siku ya pili. Katika lugha yetu kupanda mlima na kupanda mbegu ni neno moja, na sijasikia mtu ambaye shamba lake lilipandwa kwa salongo ya kijiji kizima akasema mbele ya watu: "Nililipanda peke yangu." Angechekwa.

6. Ni nani anayesema "turudi"?

Kuna swali la pili ndani ya lile la kwanza. Tuseme wamefika siku ya nne. Mgeni amelipa dola nyingi, likizo yake inaisha, kwao wanangoja picha. Kiongozi anaangalia mawingu, anaangalia macho ya mgeni, anasema:

"Turudi. Leo mlima haitaki."

Mgeni anajibu: "Nimelipa kufika juu."

Nani ana haki? Kwa sheria ya soko, anayelipa ndiye anayeamuru. Kwa desturi yetu, mgeni, hata awe tajiri namna gani, yuko chini ya neno la mwenyeji mpaka atoke salama. Ndiyo maana kwetu tunasindikiza mgeni. Unamtoa nyumbani, unatembea naye mpaka kwenye mto ao kwenye njia panda, na mahali pabaya unamshika mkono. Usipomsindikiza na kitu kikamfikia, kijiji kitakuuliza wewe. Kusindikiza ni heshima, lakini tena ni mamlaka: anayesindikiza ndiye anachagua njia.

Mimi naona kiongozi wa njia ni msindikizaji ambaye sasa analipwa. Malipo yamebadilika, wajibu haukubadilika. Mgeni amenunua jaribio. Kilele hakiuzwi, kwa sababu hakuna mwenye kukiuza. Yule anayelazimisha kupanda juu ya neno la kiongozi hahatarishe maisha yake peke yake: anavuta na wengine kwenye kamba yake, watu wenye watoto. Wale 20 wa Karisimbi hawakuchagua siku ya kupanda.

Lakini tusijisifu sisi wenyeji kama watakatifu. Kuna kiongozi anayeona mgeni amechoka vibaya na bado anamsukuma, kwa sababu mgeni aliyefika juu anatoa matabishi makubwa kuliko yule aliyerudi katikati. Kuna kapita wa wabebaji anayeuza nafasi kwenye orodha, ao anakula sehemu ya feza ya wenzake, kama vile nyampara wa zamani. Huyo ni mtoto wa nchi, na anambeba ndugu yake kama mzigo. Tukiomba haki kwa mgeni, tuianzishe kwenye nyumba yetu.

7. Kamba ya Mwindo

Watu wa Walikale wana hadisi inayofahamu jambo hili kuliko vitabu vya milima. Ni hadisi ya Mwindo, ambayo mzee Shé-Karisi Rureke aliisimulia mwaka 1956 kwa muda wa siku 12, na ambayo Daniel Biebuyck na mwana wa Wanyanga Kahombo Mateene waliitoa kama kitabu mwaka 1969.

Mwindo ni shujaa mwenye kujisifu. Alizaliwa akitembea. Lakini anaposhuka chini ya ardhi kumfuata baba yake Shemwindo, hashuki bure: mwisho wa kamba anauacha mkononi mwa shangazi yake Iyangura. Kamba ikiacha kutikisika, shangazi atajua kwamba amekufa. Na kule chini, kwa Muisa, asingepita mitego bila mashauri ya binti Kahindo. Shujaa ana nguvu, ndiyo. Lakini kuna anayeshika kamba na kuna anayeonyesha njia, na msimulizi hakusahau kuwataja kwa majina.

Baadaye kuna safari ya kupanda. Mwindo anaua Kirimu, yule mnyama mkubwa, rafiki wa damu wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamchukua mpaka mbinguni. Kule juu Mwindo hapati sifa. Anapata mvua, baridi, mkali wa jua, na maonyo kwa muda wa mwaka mzima. Anarudi duniani akiwa mwami mwenye kiasi, mwenye sheria za kuheshimu maisha. Wazee wetu walifahamu kwamba kupanda juu sana ni shule, na somo lake la kwanza ni unyenyekevu. Anayeshuka mlima akiwa na kiburi kuliko alivyopanda, basi alipoteza feza yake.

Tena tuangalie kitabu chenyewe. Aliyeandika angeweza kusema "nilikusanya hadisi ya Wanyanga", ikaisha. Lakini jina la Rureke limeandikwa, na leo tunaweza kusema ni nani aliyewaongoza wale waandishi siku zote 12. Kumbe inawezekana.

8. Desturi za kutunza

Sitaki kumaliza na malalamiko tu. Siku amani itarudi kabisa, njia za milima zitafunguliwa, na watoto wetu wa Masisi na Walikale watakuwa kati ya wale watakaoongoza na kubeba, huko volkano, na pengine kwenye mwitu wetu wenyewe, penye sokwe na mito. Tuwatayarishie desturi, kwa maana sheria bila desturi ni kama nyumba bila moto.

La kwanza, majina yote yaandikwe: ya mgeni, ya kiongozi, ya kila mbebaji, kwenye daftari moja, ukurasa mmoja. La pili, mzigo upimwe kabla ya kufungwa, na kila anayebeba apewe blanketi, koti na mahali pa kulala, kwa maana baridi haiulizi kabila. La tatu, neno "turudi" la kiongozi likitoka, lisijadiliwe, na asipoteze mshahara juu yake. La nne, hesabu ya feza isomwe mbele ya wabebaji wote, kapita akiwako.

La tano linatuhusu sisi wa chama, na halingoje amani. Katika vijiji vyetu kuna wazee, wanaume na wanawake, waliobeba: waliobebea wazungu wa mashamba ya chai na kahawa, waliobeba kasiterite, waliobeba kwa nguvu ya bunduki, waliobeba wagonjwa kwenye kipoyi usiku kucha mpaka hospitali bila kuomba franka. Tuwaulize. Walibeba nini, toka wapi mpaka wapi, pamoja na nani, na nani hakurudi. Tuandike majina kama yanavyotamkwa, kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kinyarwanda, kwa Kitembo, bila kuchagua. Kila mzee anayezikwa anaondoka na orodha, na hatutapata ingine. Wale 20 wa Karisimbi tumeshachelewa kuwauliza. Hawa wa kwetu, bado.